Je, Wajua? Lewiathani, Joka la Bahari Lililotiwa Chumvi

Je, wajua kuwa Lewiathani, joka la bahari mashuhuri kuliko yote, ametajwa mara sita tu katika Biblia ya Kiebrania? Yumo mara mbili katika kitabu cha Ayubu, mara moja katika Zaburi ya 74, mara moja katika Zaburi ya 104, na mara mbili ndani ya aya moja ya Isaya. Basi. Mistari hiyo michache imewashughulisha marabi wa Babeli, watawa wa Ulaya, mwanafalsafa wa Uingereza na wachimba visukuku wa Peru, kila mmoja kwa namna yake, na kila mmoja akamwacha joka huyu tofauti na alivyomkuta.

Sura yake kamili imo katika Ayubu 41. Ayubu amefiwa na watoto, mali imekwisha, mwili umejaa majipu, naye amekuwa akimdai Mungu maelezo mbele ya rafiki zake. Mungu anapojibu hagusi msiba wenyewe. Anampitisha Ayubu katika viumbe, na wa mwisho kutajwa ni Lewiathani. Magamba yake yamebanana hata upepo haupati pa kupenya. Pumzi yake huwasha makaa, na puani hutoka moshi. Tumbo lake lina ncha kali kama vigae, akipita matopeni huchimba mifereji. Mkuki, mshale na rungu kwake ni makapi matupu. Akijitosa, kilindi hutokota, na nyuma yake maji hubaki yakimeremeta. Katikati ya vitisho hivyo yamo maswali ya upole wa ajabu: je, Ayubu angeweza kumvua kwa ndoana, akamfuga kama ndege wa kuchezea, akamfunga kamba ili binti zake wamchezee? Maswali hayo ya kucheza yakumbukwe, kwa sababu baadaye yatazaa mambo makubwa.

Anayesoma sura hiyo katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version hukutana na mamba. Hoja ya kwamba Lewiathani wa Ayubu ni mamba ni ya siku nyingi: Samuel Bochart, mchungaji na mwanazuoni wa Ufaransa, aliitetea kwa kirefu mwaka 1663, na Behemothi, yule mnyama mkubwa wa sura ya 40, akamtambua kuwa kiboko. Si hoja ya kupuuzwa. Mamba wa Nile hawakuishi Misri tu. Walikuwepo hata katika mito mifupi ya pwani ya Palestina mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo mamba hatoi moto kinywani, wala makao yake si vilindi vya bahari. Kwa maoni yangu mshairi wa Ayubu alimjua mamba vizuri, akamwazima magamba na meno, kisha akamuumba mnyama mwingine kabisa.

Je, wajua kuwa jembe la mkulima ndilo lililofichua asili ya joka huyu? Mwaka 1928 mkulima alikuwa akilima karibu na ghuba ya Minet el-Beida, pwani ya Syria, kaskazini ya mji wa Latakia. Jembe likagonga bamba la jiwe, na chini yake kulikuwa na kaburi la kale. Mwaka uliofuata mwanaakiolojia Mfaransa Claude Schaeffer alianza kuchimba, na muda si mrefu akahamia kwenye kichuguu kikubwa cha jirani kiitwacho Ras Shamra. Chini ya kichuguu hicho ulikuwa umelala Ugarit, mji wa bandari ulioteketezwa yapata mwaka 1185 KK na haukuinuka tena.

Humo vilitoka vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa alama za kikabari ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Alama zenyewe zilikuwa 30 tu, kwa hiyo wataalamu wakatambua upesi kuwa ni alfabeti. Wanazuoni watatu, Hans Bauer, Édouard Dhorme na Charles Virolleaud, waliifumbua mwaka 1930, ndani ya miezi michache. Kumbe lugha yenyewe ni ndugu wa Kiebrania, na miongoni mwa vibao ulikuwemo utenzi mrefu wa Baali, mungu wa mvua na radi, ulioandikwa na karani aitwaye Ilimilku.

Katika utenzi huo Moti, ambaye ni mauti yenyewe, anamtumia Baali ujumbe. Anamkumbusha siku alipompiga Litanu, nyoka mkimbizi, nyoka mwenye kujipinda, jitu lenye vichwa saba. Sasa msomaji achukue Isaya 27:1 na kuisoma polepole. Sifa mbili za nyoka ni zile zile, na zimefuatana vile vile, ingawa kati ya karani wa Ugarit na nabii wa Yerusalemu kuna karne nyingi. Hapakuwa na Mwebrania aliyeweza kusoma vibao vile, maana vilikwisha kufukiwa. Yaelekea maneno yalisafiri kwa midomo ya watu, wazazi wakiwaambia watoto, mpaka yakamfikia nabii. Kilichobadilika ni wakati: kwa Baali ushindi ulikwisha kupita, kwa Isaya unangojewa. Siku moja Bwana atamwadhibu Lewiathani kwa upanga wake.

Hata vichwa saba ni vya kale kuliko utenzi wa Ugarit. Huko Tell Asmar nchini Iraki ulipatikana muhuri mdogo wa kuviringishwa, wa yapata mwaka 2300 KK, umechongwa mashujaa wakipambana na joka la vichwa saba linalowaka miali ya moto mgongoni. Zaburi ya 74 nayo inasema Mungu aliviponda vichwa vya Lewiathani, vichwa vingi, bila kutaja idadi. Mkristo wa leo akifika Ufunuo 12 na kukuta joka jekundu la vichwa saba, anamtazama mnyama ambaye mchonga mihuri wa Iraki angemtambua mara moja, miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya kitabu hicho kuandikwa.

Jamaa yake wa Babeli alikuwa Tiamat, bahari yenye uhai. Habari zake zimo katika utenzi wa vibao saba uliofukuliwa Ninawi, na George Smith wa jumba la makumbusho la British Museum aliutangaza ulimwenguni mwaka 1876. Mungu Marduk anamuua Tiamat, kisha anasimama kuutazama mzoga na kuwaza la kufanya. Anampasua vipande viwili kama samaki wa kukaushwa, yaani ng'onda hasa, nusu moja anaitandaza juu iwe mbingu. Mshairi aliyeishi mbali na bahari kuu alipotaka kueleza kuumbwa kwa ulimwengu alimkumbuka mchuuzi wa samaki na kisu chake.

Je, wajua kuwa Zaburi mbili za kitabu kimoja hazikubaliani juu ya joka huyu? Katika ya 74 ni adui: amepondwa, na mzoga wake umekuwa chakula cha wakazi wa jangwani. Katika ya 104 hana uadui na mtu. Bahari ni pana, merikebu zinapita, na Lewiathani yumo, ameumbwa ili acheze. Kwangu mimi hapo ndipo penye ajabu kubwa kuliko moto na magamba. Mataifa ya jirani yalikuwa na joka wa bahari, na mungu wao alipaswa kumuua ndipo apate enzi. Mshairi wa Zaburi ya 104 alithubutu kusema kuwa joka hakuwa mpinzani wa Mungu hata kidogo. Ni kazi ya mikono yake kama korongo na mbuzi-mwitu waliotajwa aya chache nyuma.

Marabi wa Babeli walioikamilisha Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala yao, yapata mwaka 500 waliisoma aya hiyo kwa namna yao: Lewiathani aliumbwa ili Mungu acheze naye. Wakampangia hata saa. Mchana una saa kumi na mbili. Saa tatu za kwanza Mwenyezi Mungu hukaa akisoma Torati. Saa tatu za pili huhukumu ulimwengu. Saa tatu za tatu hulisha viumbe, kuanzia pembe za nyati mpaka mayai ya chawa. Saa tatu za mwisho, jua likielekea kuzama, hukaa akicheza na Lewiathani.

Lakini mjadala haukuishia hapo. Rabi mwingine alipinga: tangu Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, Mungu hana tena kicheko. Sasa hufanya nini katika saa zile tatu za jioni? Hukaa na kuwafundisha watoto wa chuoni, wale wadogo waliofariki kabla ya kuelimika. Sijui andiko jingine la kale linalotoka kwa joka la kutisha na kufika kwa watoto waliokufa kwa hatua fupi namna hiyo.

Je, wajua kuwa Lewiathani jike alitiwa chumvi? Hiki ni kimojawapo cha visa mashuhuri vya Kiyahudi juu ya joka huyu, na kimo katika Talmudi hiyo hiyo. Vyote vilivyoumbwa viliumbwa dume na jike, na Lewiathani pia. Ila hawa wawili wangezaana, uzao wao ungeuangamiza ulimwengu. Basi Mungu akamhasi dume, na jike akamuua, nyama akaitia chumvi ili iwe karamu ya wacha Mungu siku za mwisho.

Marabi hawakuwa watu wa kuridhika upesi. Wakauliza: kwa nini asiuawe dume, jike akabaki hai? Jibu: Zaburi imesema atachezewa, na haifai kucheza na jike. Kwa nini jike asiachwe hai, akapoozwa tu tamaa zake, kama alivyofanyiwa Behemothi jike? Jibu: samaki hawapoozeki. Kwa nini basi Behemothi jike naye asitiwe chumvi? Hapo jibu linatoka jikoni moja kwa moja: samaki wa chumvi ni mtamu, nyama ya chumvi si tamu. Mvuvi yeyote wa Kojani au Lamu angelipitisha jibu hilo bila kubisha.

Karamu yenyewe imeelezwa kwa utaratibu. Malaika Jibrili ndiye atakayetumwa kumwinda dume, na asipopewa msaada na Mungu hamuwezi. Wacha Mungu watakula nyama, na kwa ngozi watatengenezewa kibanda. Asiyestahili kibanda kizima atapata kivuli tu. Wa chini yake atapata mkufu, wa chini zaidi hirizi. Ngozi itakayobaki itatandazwa juu ya kuta za Yerusalemu, na mng'ao wake utaonekana toka mwisho mmoja wa dunia hadi wa pili. Mpaka leo, Wayahudi wengi wanapotoka katika vibanda vyao mwishoni mwa Sikukuu ya Vibanda, husema dua ya kuomba wajaliwe kuketi katika kibanda cha ngozi ya Lewiathani.

Kitabu kingine cha marabi kinasema mawindo yatakuwa mapigano: Behemothi atampiga Lewiathani kwa pembe na kumrarua, na Lewiathani atamchinja Behemothi kwa mapezi yake. Papo hapo likazuka swali la sheria. Mapezi ya Lewiathani yana meno kama msumeno, na kuchinja kwa msumeno si halali, kwa sababu humtesa mnyama. Wacha Mungu watakulaje nyama ya kibudu siku ya furaha yao? Wakajibu kuwa Mungu mwenyewe atatoa hukumu mpya kwa ajili ya siku hiyo. Mtu aliyewahi kuona wazee wakibishana juu ya kuku aliyechinjwa na mkono usiojulikana ataelewa kuwa swali liliulizwa kwa dhati kabisa.

Picha ya karamu hiyo ipo. Biblia ya Kiebrania iliyochorwa Ujerumani kati ya mwaka 1236 na 1238, na ambayo sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Ambrosiana mjini Milan, inaonyesha wacha Mungu wakiwa mezani chini ya miti, wamevaa mataji. Vichwa vyao ni vya wanyama. Juu yao wamechorwa Lewiathani, Behemothi na Zizi, ndege mkubwa kiasi cha kuliziba jua kwa mabawa yake.

Je, wajua kuwa kuna kitabu kinachosema Lewiathani ni jike na Behemothi ni dume? Ni Kitabu cha Henoko. Kinasema siku moja walitenganishwa: Lewiathani akapelekwa kukaa vilindini juu ya chemchemi za maji, Behemothi akapelekwa jangwani mashariki ya bustani ya wateule. Ulaya kitabu hicho kilipotea kwa zaidi ya miaka elfu. Kanisa la Ethiopia ndilo lililokitunza kizima, kwa lugha ya Ge'ez, likakihesabu kuwa Maandiko Matakatifu. Msafiri wa Scotland James Bruce alirudi Ulaya na nakala zake mwaka 1773, na wanazuoni wa huko wakasoma kwa mara ya kwanza kile ambacho mapadri wa Gondar walikuwa wakikisoma siku zote.

Kisa cha Nabii Yona, ambaye Waislamu humwita Yunus, nacho kina sehemu yake ya Lewiathani, ingawa Biblia na Kurani hazikuitaja. Imo katika kitabu cha Kiyahudi cha karne ya 8 au ya 9 kiitwacho Pirke de-Rabbi Eliezer. Yona aliingia kinywani mwa samaki na kusimama wima, kana kwamba ameingia katika sinagogi kubwa. Macho mawili ya samaki yalikuwa madirisha yake, na rabi mmoja anaongeza kuwa ndani ilitundikwa lulu iliyoangaza kama jua la adhuhuri.

Samaki akamwambia: leo zamu yangu imefika, nakwenda kuliwa na Lewiathani. Yona hakulia. Akasema, nipeleke kwake. Walipofika mbele ya joka, Yona akamtangazia kuwa ameshuka makusudi kuyaona makao yake, kwa sababu iko siku atamtia kamba ulimini, atampandisha juu na kumchinja kwa ajili ya karamu ya wacha Mungu. Kisha akamwonyesha alama ya agano la Ibrahimu mwilini mwake, yaani tohara. Lewiathani akakimbia mwendo wa siku mbili. Yona akamgeukia samaki: nimekuokoa, sasa nionyeshe kila kilichomo baharini. Samaki akamtembeza. Akamwonyesha mto unaoleta maji ya bahari kuu, njia ya Bahari ya Shamu walipovuka wana wa Israeli, mahali mawimbi yanapotokea, nguzo za dunia, na jehanamu. Mwisho akamsimamisha chini kabisa ya Hekalu la Yerusalemu na kumwambia aombe hapo hapo. Ukiisoma Biblia baada ya kisa hiki, zile siku tatu tumboni mwa samaki zinakuwa fupi mno kwa ziara yote hiyo.

Je, wajua anayemtisha Lewiathani ni nani? Talmudi inataja wanyonge watano wanaowatia hofu wenye nguvu, kwa mfano mbu kwa tembo. Mmoja wao ni kilbiti, kisamaki kidogo, na anayemwogopa ni Lewiathani.

Mambo ya namna hiyo yalisimuliwa hata katika maji yetu. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri katika bahari ya Zanji zaidi ya mara moja, na safari yake ya mwisho ya kutoka Kanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, sawa na 916 hivi. Wataalamu wengi wanaamini Kanbalu ilikuwa Pemba. Al-Masudi alikuwa amepita bahari nyingi, naye anasema hakuona ya hatari kuliko hii. Anamweleza samaki aitwaye awali, mwenye urefu wa dhiraa 400 hadi 500. Akiinua pezi lake juu ya maji hufanana na tanga, na akipuliza, maji hurukia angani. Mabaharia walimcha usiku na mchana, wakapiga ngoma na mbao ili asikaribie chombo.

Ni nyangumi, bila shaka. Nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya na Tanzania kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba hivi, na anayekaa Watamu au Mafia anaweza kuwaona wakipuliza. Dhiraa 400 ni takriban mita 200, na nyangumi wa buluu, mkubwa kuliko wanyama wote, hufikia mita 30 tu. Lakini tazama jinsi kisa kinavyokwisha. Al-Masudi anasema awali anapozidi kuwadhulumu samaki wengine, Mungu humtumia kisamaki cha dhiraa moja kiitwacho lashaki. Kinamng'ang'ania mwilini wala hana jinsi ya kukibandua, anazama hadi chini na kujipigapiga mpaka afe, kisha mzoga huelea kama mlima. Kilbiti na lashaki wamefanana mno kwa mimi kuamini kuwa ni bahati tu. Talmudi iliandikwa Iraki, na al-Masudi alizaliwa Iraki.

Visa vya manabii vilivyokusanywa na al-Thalabi, aliyefariki mwaka 1035, vina kisa cha tatu cha aina hiyo. Dunia imebebwa na malaika, malaika amesimama juu ya jiwe, jiwe liko mgongoni mwa fahali, na chini ya fahali yuko samaki. Jina la samaki ni Lutiya, na lakabu yake Bahamuti. Wanazuoni wengi wanaona hapo majina mawili ya Biblia, Lewiathani na Behemothi, yakikutana katika mnyama mmoja. Iblisi akamwendea samaki na kumshawishi autupe mzigo wote huo. Samaki akadhamiria kutii. Mungu akatuma mdudu, akamwingia puani hadi ubongoni, na samaki akalia kwa uchungu mpaka Mungu alipomwamuru mdudu atoke. Tangu hapo samaki humkazia macho mdudu, na mdudu humkazia macho samaki. Akijaribu tena, anajua yatakayompata.

Na yule samaki anayedhaniwa kuwa kisiwa? Wengi tunamjua katika safari ya kwanza ya Sindbadi. Rabba bar bar Hana, rabi ambaye Talmudi imehifadhi visa vyake vingi vya baharini, alikwisha kumsimulia karne nyingi kabla: walipanda mgongoni mwa samaki aliyeota majani juu ya mchanga uliomfunika, wakapika, mgongo ukapata moto, naye akajigeuza. Chombo kisingekuwa karibu, wangekufa maji.

Ulaya ya Kikristo ilimchukua Lewiathani na kumfanya Shetani mwenyewe. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, aliandika maelezo marefu ya kitabu cha Ayubu, na lile swali la ndoana akalipatia jibu. Ndiyo, Lewiathani alivuliwa. Ubinadamu wa Kristo ulikuwa chambo, uungu wake ulikuwa ndoana iliyofichika ndani. Joka alipouma chambo msalabani, ndoana ikamshika taya.

Katika karne ya 12 Herrad, mkuu wa watawa wa kike wa Hohenburg katika Alsace, aliitia picha hiyo katika kitabu kikubwa alichowatengenezea watawa wake, Hortus Deliciarum. Mungu Baba ameshika mshipi. Mshipi umeunganishwa kwa vichwa vya wazee na wafalme, mababu wa Kristo, mmoja chini ya mwingine. Mwishoni uko msalaba wenye ncha, nao umezama kinywani mwa joka anayejinyonganyonga. Kitabu chenyewe kiliungua mwaka 1870, mji wa Strasbourg ulipopigwa mizinga vitani. Tunaijua picha kwa sababu kuna waliokuwa wameinakili mapema katika karne hiyo, kazi ya subira ambayo wakati ule ingeweza kuonekana ya bure. Kinywa cha Lewiathani nacho kilienea katika makanisa na michezo ya kuigiza ya zama hizo kama mlango wa jehanamu: taya zimeachama, wakosaji wanatumbukia.

Thomas Hobbes alilitumia jina hilo kwa dola. Kitabu chake cha mwaka 1651, kilichoandikwa baada ya Waingereza kuuana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kina picha mwanzoni iliyochorwa na Abraham Bosse. Mfalme mkubwa anainuka nyuma ya vilima, na mwili wake umejengwa kwa watu wadogo zaidi ya 300, wote wametugeuzia visogo. Juu yake kuna maneno ya Kilatini kutoka Ayubu 41. Behemothi hakusahauliwa, Hobbes aliliweka jina lake juu ya kitabu chake cha historia ya vita vile.

Je, wajua kuwa yuko Lewiathani aliyeishi kweli? Novemba 2008 watafiti waliokuwa wakichimba huko Cerro Colorado, katika jangwa la Ica nchini Peru, walipata fuvu la nyangumi mwenye meno. Fuvu lina urefu wa mita 3. Meno makubwa zaidi yanafikia sentimita 36, ukijumlisha na mizizi, na tofauti na nyangumi wa jamii yake wa leo, ambaye meno ya kazi yako taya la chini tu, huyu alikuwa nayo juu na chini. Mawindo yake yalikuwa nyangumi wenzake. Mwili wake unakadiriwa kuwa na urefu wa kati ya mita 13.5 na 17.5, na katika bahari hiyo hiyo aliishi megalodoni, papa mkubwa kuliko papa wote wanaojulikana.

Julai 2010 Olivier Lambert na wenzake walimtangaza katika jarida la Nature. Walimwita Leviathan melvillei, kwa heshima ya joka na ya Herman Melville, mwandishi wa Moby-Dick. Ila sheria za kuwapa wanyama majina haziruhusu jina moja kupewa jenasi mbili, na hili lilikuwa limekwisha kuchukuliwa tangu mwaka 1841, pale Albert Koch alipolibandika juu ya mifupa ya mastodoni, mnyama wa nchi kavu wa jamii ya tembo. Lambert na wenzake wakarudi kwenye Kiebrania chenyewe na kuandika Livyatan. Fuvu lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Lima.